Bibi wa Gazetini

Theonest Ngeleja alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mwarabu, Somanda, pale Bariadi, na kabla hajaandika hata mstari mmoja watu walikuwa wakimletea nguo ambazo hazijachanika ili wapate kukaa karibu naye. Alikuwa anashona huku anasimulia. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, mdomo unakwenda. Akifika mahali patamu alisimamisha cherehani, akakata uzi kwa meno, akauliza suruali hii ni ya nani. Mwenye suruali alikuwa haitaki tena suruali yake. Alitaka kujua kama yule mtu alivuka mto au mto ulimchukua.

Ujanja ule haukuwa wake. Alifundishwa na Nyanjige, mjane wa baba yake mkubwa, aliyemchukua na kumlea tangu mama yake alipofariki, naye akamwita mayu, yaani mama. Nyanjige naye alikuwa na nafasi yake kwenye baraza lile lile, upande wa jua la asubuhi, akiuza karanga za kukaanga. Alikuwa mwembamba, amevaa kaniki iliyopauka, na mguu wake wa kushoto aliuburuta kidogo kwa sababu ng'ombe alimkanyaga akiwa msichana. Macho yake yalikuwa mekundu. Kuni zilikuwa za taabu kule, akakaangia kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake haumwachi mtu salama.

Watoto wote wa ukoo walizijua hadithi zake, lakini Theonest peke yake ndiye aliyetaka kujua zilivyotengenezwa. Alipokuwa mdogo alimwuliza kwa nini kila mara anapofika pabaya anainuka kugeuza karanga.

"Zisiungue," alisema Nyanjige.

"Lakini hazijaungua, mayu. Nimeziona."

Bibi alicheka. "Basi umeshaona. Usiwaambie wenzako."

Theonest alisoma mpaka darasa la sita, akaishia hapo, akajifunza kushona. Alimwoa Felisita, binti kutoka Nyalikungu, mwanamke wa maneno machache. Maisha yao hayakuwa na kishindo mpaka mwaka 1954, siku Januarius alipokuja na koti limepasuka kwapani.

Januarius alikuwa mhariri wa kijigazeti cha mwezi kilichoitwa *Jembe Letu*. Alikiandalia Nyalikungu, karibu na boma, kikapigwa chapa Mwanza, kisha kikapanda malori kwenda vituo vya pamba. Kilikuwa na habari za mbegu, mbolea ya samadi, na matuta. Watu walikinunua kwa ajili ya kufungia vitu. Januarius aliketi akingoja koti lake, akamsikia fundi anasimulia, na koti lilipokwisha hakuondoka.

"Unaweza kuliandika hilo?" aliuliza.

"Sijawahi."

"Jaribu. Niletee kitu cha ukurasa mmoja. Kiwe na mafundisho."

Theonest aliandika habari ya mkulima hodari aliyepanda pamba mapema, akapalilia kwa wakati, akavuna sana, akanunua baiskeli. Gazeti lilipofika alilisoma kwa sauti pale barazani, maana wengi hawakujua kusoma. Watu walisikiliza kwa adabu. Marcelo, fundi mwashi aliyekuwa akijenga ghala la pamba, alisinzia. Kabla ya jua kutua mkulima hodari alikuwa amefungiwa karanga.

Theonest aliumia. Alimfuata Nyanjige nyumbani kwake.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Kaa. Najua ulichokuja nacho." Alimpa kigoda. "Yule mtu wako alikosa nini?"

"Hakukosa kitu. Ni mkulima hodari."

"Basi mwache alale. Mtu aliyeshiba unanitolea mimi, nimfanyie nini? Nipe mtu anayetaka kitu, halafu kiweke mbali. Akikaribia, kisogeze. Nami nitamfuata huku nimeshika kifua."

"Januarius anataka mafundisho."

"Mafundisho nitajipa mwenyewe, wewe niache tu nimwone mtu. Na ukitaka nimwone, usiniambie ni mbaya au ni mwema. Niambie anavyokula. Niambie akitembea anakanyaga vipi. Mengine nitayajua." Akatafakari kidogo. "Halafu ukijua jambo, usilitoe lote. Nionyeshe kivuli chake mlangoni, kisha nenda kachochee moto."

Theonest alirudi akaanza upya. Aliandika habari ya tajiri aitwaye Mahona ambaye ng'ombe wake walikuwa wanatoweka mmoja mmoja. Leo dume jeupe, mwezi ujao mtamba mwenye mimba. Asubuhi lango la zizi limefungwa kama lilivyofungwa jana, na mnyama hayupo, au yupo amelala miguu juu. Theonest alijua tangu mwanzo mwizi ni nani. Alikuwa Nkinda, mwana wa kwanza wa Mahona, aliyetaka mahari ya mwanamke ambaye baba hakumtaka. Wengine aliwauza mbali, wengine aliwalisha majani ya sumu ili baba adhani ni tauni. Kisa kilitakiwa kwisha kwa sehemu nne.

Katika nchi ile ng'ombe ni mali, ni ndoa, ni jina la mtu. Sehemu ya kwanza ilipotoka, baraza lilijaa. Ya pili ilipotoka, watu walitembea kutoka vijiji vya mbali, wakaketi mpaka chini ya madirisha ya duka, na Mwarabu akalalamika kwamba hawanunui kitu. Theonest alisoma amesimama. Alipofika mwisho alikunja gazeti polepole, na umati ukapiga kelele kama mpira umekosa goli.

"Nani huyo? Sema tu jina!"

"Mwezi ujao," alisema Theonest, na moyo wake ulikuwa mtamu kuliko siku ya harusi.

Nyanjige alikaa mbele kabisa, na kikaango chake kimepoa. "Hapo umefanya vizuri," alimwambia. "Hata mimi sikuona pa kukushika."

Hiyo ndiyo sifa aliyoitaka Theonest kuliko zote.

Januarius alikuja na lori kabla sehemu ya tatu haijapigwa chapa. Alikuwa amevaa kofia mpya.

"Unasema mwezi unaofuata unamaliza?"

"Ndiyo. Nkinda anakamatwa."

"Fundi, unaniua. Watu wananunua gazeti kabla ya chumvi. Ukimkamata Nkinda, mimi nitawapa nini, habari za matuta? Mwache huko aliko. Weka mtu mwingine wa kushukiwa. Wakimbize upande huo mpaka mavuno yapite."

"Nani sasa?"

"Wewe ndiye mtunzi. Mahona ana majirani, au hana?"

Theonest alifikiria usiku na mchana juu ya jirani huyo. Alipata bibi kizee, mjane, anaishi peke yake karibu na zizi. Alimpa jina la Ng'washi. Lakini kila alipomwandika alitoka bapa kama mtu wa kuchongwa. Hapo akakumbuka alivyofundishwa: niambie anavyotembea. Mkono wake ukaanza kwenda wenyewe. Ng'washi aliburuta mguu wa kushoto, na ukiusikia mchakacho wake kwenye majani makavu ulimjua kabla hujamwona. Alizungumza na kuku wake kama anazungumza na wakwe. Macho yake yalikuwa mekundu. Theonest aliposoma tena, bibi alikuwa amekaa kwenye karatasi anapumua.

Hakuwa na nia mbaya. Katika kichwa chake Ng'washi alikuwa hana hatia, na mwishoni angetakaswa mbele ya watu wote. Kadiri wangemshuku zaidi, ndivyo ambavyo kutakaswa kwake kungekuwa kutamu zaidi. Hiyo ni hesabu ya kawaida ya mtunzi, na kwa utunzi ilikuwa sahihi.

Sehemu ile ilisomwa, na umati ukanyamaza kwa namna mpya. Waliinama mbele. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Ndiye huyo." Nyanjige alikuwa amekaa palepale mbele.

"Bibi huyu ana siri," alisema, na watu wakacheka, na wengine hawakucheka.

Nyumbani Felisita alingoja mpaka mumewe amekula.

"Umemwandika mayu," alisema.

"Nimechukua macho tu. Na mguu. Mabibi wenye macho mekundu ni wengi Usukuma nzima."

"Anayeburuta mguu wa kushoto na kuongea na kuku, hapa Somanda, ni mmoja."

"Ni hadithi, Felisita. Kila mtu anajua ni hadithi."

"Wewe ndiye unayejua," alisema Felisita, akaondoa sahani.

Mwaka wa 1955 mvua za masika zilikatika mapema. Majani yaliisha, ng'ombe wakawa wanachimba chini kwa ndimi. Mnamo Agosti ng'ombe wa Salu, jirani wa Nyanjige, walianza kufa. Walivimba mapaja, wakachechemea, wakaanguka. Bwana mifugo alikuja akasema ni chambavu, ugonjwa wa mifugo, akataka kuwachoma sindano waliobaki. Salu alikataa. Watu wa serikali ndio waliokuwa wamewalazimisha kupunguza mifugo miaka ile, na sindano ya mtu anayetaka ng'ombe wapungue nani angeikubali? Waliobaki wakaendelea kufa.

Theonest aligundua kwamba kikaango cha Nyanjige kilikuwa kinarudi nyumbani kimejaa. Watu walinunua karanga kwa mtu mwingine, upande wa pili wa njia. Wanawake walivuta watoto wao walipompita. Siku moja Salu mwenyewe alikuja barazani, akasimama mbele ya cherehani.

"Fundi, nataka kukuuliza jambo. Yule bibi anawatoaje ng'ombe zizini bila kufungua lango?"

"Bibi gani?"

"Wa gazetini."

"Salu, yule hayupo. Nimemtunga. Hata Mahona hayupo."

Salu alimtazama kwa huruma. Alikuwa mtu mpole, si mgomvi, na ng'ombe wake walikuwa wamekufa kweli. "Wewe ni mwanawe, lazima ukatae. Sikulaumu. Lakini kitu kikishapigwa chapa hakitungwi. Mabwana wa Mwanza hawawezi kupoteza karatasi zao kwa uongo."

"Ni chambavu, Salu. Bwana mifugo alisema."

"Bwana mifugo," alisema Salu, akatema mate pembeni, akaenda zake.

Kesho yake Theonest alipanda lori la pamba mpaka Nyalikungu. Alimkuta Januarius ofisini, akamweleza yote. Alikuwa ameandika sehemu mpya safarini, karatasi juu ya magoti. Ndani yake ilikuwa alfajiri, na Mahona anamkuta Ng'washi amesimama langoni mwa zizi. "Nimesikia mtamba akilia," anasema bibi. "Amekwama na ndama." Wanaingia pamoja, bibi anamzalisha mtamba, na kwa mwanga wa asubuhi wanamwona Nkinda mbali bondeni anaswaga madume mawili. Basi, yamekwisha.

Januarius alisoma akatikisa kichwa. "Ni nzuri. Ni nzuri sana, fundi."

"Utaipiga chapa mwezi huu? Yote?"

"Mwezi huu. Nenda ukapumzike."

Theonest alirudi Somanda amepona. Aliwaambia watu wote waliokuja barazani kwamba mwezi huu mambo yote yatafunuliwa, asikose mtu. Alikwenda mpaka kwa Salu kumwalika. Kisha akaenda kwa Nyanjige, ambaye alikuwa ameacha kuja barazani.

"Njoo usikilize, mayu. Mwezi huu yatakwisha."

"Yatakwisha vipi?"

"Njoo tu. Ukae mbele, mahali pako."

Nyanjige akasema atakuja.

Siku lori lilipoleta magazeti, Somanda yote ilikuwa pale. Theonest alikata kamba ya furushi kwa mkasi wake, akachukua la juu, akapanda juu ya kreti. Kama kawaida yake hakusoma kwanza kimyakimya. Alipenda sauti yake ikutane na maneno pamoja na watu. Alisoma alfajiri. Alisoma ukungu juu ya zizi. Alisoma Mahona anatoka na fimbo, na mchakacho wa mguu kwenye majani makavu, na bibi langoni. Umati haukupumua. Naye alikuwa anasoma vizuri kuliko siku zote, kwa kuwa alijua anakokwenda.

"'Unafanya nini hapa?' aliuliza Mahona. Ng'washi alificha mkono nyuma. Katika mkono ule mlikuwa na kitu cheusi, kimefungwa kwa nywele za mkia wa ng'ombe."

Sauti yake ilishayatoa maneno kabla akili yake haijayafikia. Chini ya hapo palikuwa na mstari mweusi, kisha tangazo la mbegu za pamba. Mtamba hakuwapo, ndama hakuwapo, wala Nkinda bondeni. Aligeuza ukurasa, akaugeuza tena.

"Hapana," alisema. "Hii si yangu. Haya si maneno yangu, mimi niliandika..."

Hakuna aliyemsikiliza. Watu hawakupiga kelele kama siku nyingine. Waligeuka wote kwa pamoja, bila haraka, kumtazama Nyanjige. Yeye alikuwa amekaa mbele, mahali pake, na mikono yake miwili ilikuwa ndani ya kaniki kwa sababu ya upepo wa asubuhi.

"Toa mkono," alisema mtu mmoja nyuma.

Nyanjige alitoa mikono yote miwili, akaionyesha huku na huku. Ilikuwa mitupu. Aliinuka, akachukua kigoda chake, akapita katikati yao akiburuta mguu. Walimpa njia pana. Theonest aliruka kutoka kwenye kreti amfuate, lakini Marcelo alimshika bega. "Kaa, fundi. Usijiingize," alisema, na hakuwa anamtania.

Nyumba ya Nyanjige ilichomwa mchana wa siku ya pili. Waliokuja walikuwa vijana wa kijiji wa kikundi cha kulima pamoja, na kiongozi wao mbele, na nyuso hawakuzificha. Kuku waliungua ndani. Bibi mwenyewe alikuwa anatoka kisimani; walimpiga kwa fimbo za ng'ombe mpaka mkono wa kulia ukavunjika, wakamwambia aondoke kabla ya giza. Theonest alifika akikimbia na mkasi bado mkononi, wakamsukuma akaanguka, wakamwambia yeye ndiye aliyewafungua macho, wasingependa kumwumiza. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, aliitwa. Alitazama majivu, akasema hawezi kulinda mlango ambao haupo.

Theonest na Felisita walimfunga bibi mkono kwa vipande vya ubao na kitambaa cha kaki kilichokuwa cha sare ya mtu. Nyanjige hakulia. Alizungumza na Felisita tu, kuhusu maji, na kuhusu upande gani wa mkono unauma. Alfajiri walimpandisha lori la kwenda Lamadi, kwa Dorkasi, binti wa dada yake, aliyeolewa na mvuvi.

Theonest alikwenda Nyalikungu kwa baiskeli. Januarius alimsikiliza amekaa.

"Umemuua," alisema Theonest.

"Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi usiseme hivyo." Januarius alikuwa amepauka, hilo lazima lisemwe. "Mimi nilikata mistari michache. Ile sehemu yako ilimaliza kila kitu kwa mara moja, nikasema nusu ije mwezi unaofuata. Nikaweka kitu mkononi ili watu wangoje. Kitu mkononi tu, fundi. Na mimi sikumpa yule bibi macho mekundu. Sijawahi hata kumwona. Nilidhani umemtoa kichwani."

Theonest alitoka nje. Alikaa kwenye ngazi za ofisi mpaka jua likawa kali, kisha akarudi ndani akaomba karatasi.

Aliandika mwisho wa hadithi kwa siku moja. Nkinda alikamatwa, akakiri. Kitu cheusi mkononi kilikuwa dawa ya kuzalishia. Mahona alipiga magoti mbele ya Ng'washi akaomba radhi. Kisha Theonest akaongeza kwa maneno yake mwenyewe kwamba hadithi hii imetungwa, watu wake hawapo, na mwanamke mmoja mwenye haki ameumizwa kwa sababu yake. Hakukuwa na kivuli mlangoni wala moto wa kuchochea. Alisema yote, tangu mstari wa kwanza, kwa kuogopa kwamba mtu asingefika wa pili. Januarius aliipiga chapa yote bila kukata neno.

Aliisoma barazani kwa sauti kubwa. Watu walikuja, maana walikuwa bado na hamu ya kitu kile. Lakini kabla hajafika katikati waliokuwa nyuma walianza kuzungumza habari za mvua. Mwanamke mmoja alipiga miayo. Salu aliondoka alipotajwa Nkinda. Theonest alipomaliza palikuwa kimya, lakini si kimya kile cha zamani.

"Mnaelewa?" aliuliza. "Hakufanya kitu. Ni mimi niliyemtunga."

Marcelo alikohoa. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, na alimpenda fundi. "Nitakwambia ukweli. Zile sehemu za nyuma zilikuwa kweli. Mtu ulikuwa unaona kabisa. Hii ya leo ndiyo umetunga."

Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Gazeti lile halikununuliwa sana. Januarius alivumilia mwezi mmoja, kisha akampata karani mmoja wa Maswa aliyekuwa tayari kuendeleza, na kwenye ukurasa wa mwisho akatokea tena Ng'washi, safari hii anakimbia kijiji kwa kijiji, na kila anapopita mifugo inalala chini. Karani yule hakuwa na kipaji, lakini mguu na macho alivikuta viko tayari. Watu walinunua. Theonest alipeleka malalamiko Nyalikungu, akajibiwa kwamba Ng'washi ni mali ya gazeti.

Hakuandika tena. Barazani alishona bila kusimulia, na wateja walipogundua kwamba hawezi kushawishiwa waliacha kuleta nguo nzima.

Mwaka 1956, mvua zilipokwisha, alikwenda Lamadi. Alimkuta Nyanjige ufukweni kati ya dagaa walioanikwa kwenye mchanga, anafukuza kunguru kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, haukunyooka. Bibi alimsalimu vizuri. Akamwita Dorkasi, akamwambia kuna mgeni kutoka Bariadi, apikiwe. Theonest alisikia neno mgeni, akakaa chini.

Alikula ugali na samaki mbele yake. Alipomaliza alisema, "Mayu, sikujua kama watu wangekutambua. Wewe mwenyewe hukujitambua."

"Nani amekwambia?" alisema Nyanjige.

Theonest aliacha kunawa.

"Nilijijua tangu siku ya kwanza. Mtu anausikia mguu wake mwenyewe ukisomwa, asiujue? Kuku wangu umewaandika mpaka majina." Aliongea bila hasira, macho yake kwenye dagaa. "Nikasema, mwanangu ana mahali anapokwenda. Ameniingiza, atanitoa. Nilikufundisha mimi mwenyewe jinsi ya kumtoa mtu. Basi nikakaa nikangoja. Kila mwezi nakaa mbele, nasema leo. Karanga hazinunuliwi, nasema mwezi ujao."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ilikuwa nzuri," alisema Nyanjige. "Sikutaka kuiharibu. Na mimi nilikuwa nataka kujua itaishaje."

Theonest alilia mbele yake kama mtoto. Nyanjige hakumgusa. Baada ya muda alimwambia lori la Bariadi huwa haliwangoji watu, awahi, na akampa fungu la dagaa kwa ajili ya Felisita. Kurudi Somanda alikataa. Alisema kule anajulikana sana.

Nyanjige alifariki mwaka 1958 kwa homa, akazikwa Lamadi, kwenye kiwanja cha ukoo wa mume wa Dorkasi, kwa watu wasio wake. Theonest alichelewa maziko kwa sababu ya mto kujaa. Alikuta kaburi limeshafunikwa na wafiwa wanakula. Dorkasi alimwonyesha lilipo, akamwacha hapo, akarudi kwa wageni wake.

Alipofungua cherehani tena Somanda, Marcelo alikuja na koti.

"Pole, fundi. Nasikia Ng'washi amefariki."

"Aliitwa Nyanjige," alisema Theonest.

"Ndiyo. Huyo huyo." Marcelo alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mimi nilikuwa namwonea huruma, pamoja na yote aliyoyafanya."

Theonest alichukua kipimo chake shingoni.

"Nyoosha mkono," alisema, akaanza kumpima.